Vipimo Viwili vya Mkono Mmoja

Mtoto mwenyewe walimwita Bi Mkubwa, ingawa alikuwa na miaka saba tu na kichwa chake kilizidi kidogo meza ya cherehani ya mama yake. Jina alilipata kwa amri zake. Alikuwa akiketi juu ya rundo la vipande vya vitambaa, mguu juu ya mguu, na mteja akija kujaribu gauni, yeye ndiye wa kwanza kusema: "Geuka nyuma tuone. Hapo kwapani pamekubana. Mama, parekebishe." Na mara nyingi palikuwa pamebana kweli.

Mkono wa kulia ndio uliokuwa ukinyoosha kidole. Wa kushoto ulikaa umekunjwa kwenye kiwiko, kiganja kimeinamia chini, kidole gumba kimejificha ndani ya vidole vingine. Alipokuwa na miezi kumi na moja daktari alisema ni mtindio wa ubongo, upande mmoja. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aliuliza dawa yake ni nini. Akaambiwa ni mazoezi. Akauliza mpaka lini. Daktari akajifanya anatafuta kalamu.

Kwa miaka sita Fundi aliukunjua ule mkono kila siku: asubuhi kabla ya kuwasha pasi, mchana mteja akichelewa, jioni chungu kikiwa jikoni. Alikunjua kidole kimoja kimoja, akakitoa kidole gumba nje, akakishikilia mpaka kikalegea. Akikiachia, kinarudi. Mumewe, fundi rangi wa majumba, alikuwa akitazama bila kusema neno. Siku moja tu alisema, "Mwache mtoto apumzike," na Fundi akamnunia siku tatu.

Ndipo hospitali ilipotangaza darasa la mkono.

Darasa lenyewe lilikuwa la wiki nane, kila siku kwa muda wa saa tatu. Mtoto anavishwa glavu nene kwenye mkono wake mzuri ili asiweze kuutumia, halafu anacheza, anakula, anachora, anafungua makopo kwa ule mgonjwa mpaka ubongo uukumbuke. Nafasi zilikuwa kumi. Umri haukutakiwa kufika miaka minane, na Bi Mkubwa alikuwa amebakiza miezi minne. Sharti la pili lilikuwa alama. Mtoto angepewa kazi ishirini za kufanya kwa mkono ule, kila kazi ina alama tatu, jumla sitini. Asiyefikisha thelathini hachukuliwi, kwa sababu mkono usioweza kushika chochote, ukiufungia mwenzake, unakuwa umemfunga mtoto mwenyewe.

Kipimo cha kwanza alikifanya binti mmoja mtaalamu wa mazoezi, ambaye watoto walimwita Dada Puto kwa kuwa hakukosa maputo mfukoni. Chumba kilikuwa na jua, na Bi Mkubwa alikuwa ameshiba. Fundi alikaa pembeni yake kabisa, goti kwa goti.

"Haya, Bi Mkubwa, nishikie hii chupa. Hapo hapo. Safi! Sasa niwekee hiki kibao juu ya kile. Karibu, karibu... ehee!"

Walicheka wote watatu. Baada ya nusu saa Dada Puto alijumlisha, akajumlisha tena, akasema, "Thelathini na nne."

Fundi aliitaka ile karatasi aishike kwa mkono wake. Akasoma namba, akamrudishia, akaiomba tena. Siku hiyo alishona mpaka jioni huku akiimba, na kila mteja aliyeingia alipewa habari kabla hajasema alichofuata.

"Usitangaze sana," mumewe alimwambia. "Si umesema kuna kipimo cha pili?"

"Cha pili ni cha kuthibitisha tu. Mkono ni uleule."

Cha pili kilikuja baada ya wiki mbili, na mpimaji alikuwa mkuu wa kitengo mwenyewe. Huyu watoto walimwita Sista Rula, kwa ajili ya kile kifaa cha plastiki cha kupimia kona za viungo ambacho hakikumtoka mfukoni. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache. Waliambiwa wafike saa mbili asubuhi. Wakaitwa saa nane mchana. Maandazi waliyokuja nayo yalikuwa yameisha zamani. Bi Mkubwa alikuwa amelala benchini, akaamshwa, akaingizwa kwenye chumba ambacho feni yake haikuzimika, akawekwa kwenye kiti cha watu wazima. Miguu ilining'inia. Meza ilimfika kifuani.

"Mama, kaa kule mlangoni, tafadhali," alisema Sista Rula.

"Namzoeza tu kidogo, Sista..."

"Kule mlangoni."

Fundi akakaa kule. Aliona kichwa cha mwanawe kwa nyuma, na mabega yakipanda. Kazi ya kwanza, chupa ikaanguka. Ya pili, aligusa tu bila kushika. Ya tatu Bi Mkubwa alisema, "Sitaki." Ya nne, "Sitaki." Sista Rula hakubembeleza wala hakufoka. Aliandika. Ilipofika kazi ya kumi na mbili mtoto alikuwa amelaza shavu mezani na anatazama ukuta.

"Ishirini na mbili," Sista Rula alisema mwishoni. "Pole, mama. Hajafikisha."

Fundi alifikiri amesikia vibaya. "Ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Sista, wiki mbili zilizopita alipata thelathini na nne. Hapa hapa. Jengo hili hili."

"Naona imeandikwa. Lakini kinachohesabiwa ni kipimo cha mwisho."

"Kwa hiyo kwa wiki mbili mkono umepotezea wapi alama kumi na mbili? Nimeuangusha njiani?" Sauti ilikuwa imeanza kumpanda, na akina mama waliokuwa nje wakageuka. "Nyumbani anashika, Sista. Wallahi anashika! Ananishikia kitambaa nikikata!"

"Akina mama wote huniambia nyumbani anashika," alisema Sista Rula, bila ubaya, kama mtu aliyechoka kusema jambo hilo. Kisha akaita jina la mtoto aliyefuata.

Njiani Bi Mkubwa aliuliza kama wataanza darasa Jumatatu. Fundi akamwambia atembee.

Yaliyofuata Fundi hakumsimulia mtu kwa muda mrefu. Alisema moyoni, kama hawamfundishi, nitamfundisha mwenyewe. Siku ya pili yake alichukua pande la kitambaa kigumu cha suruali, akashona mfuko mrefu wa kuingiza mkono mzima, wenye mkanda wa kuzungushia kiunoni. Akamvisha Bi Mkubwa kwenye mkono wa kulia, akaukaza mkanda, akafunga fundo mgongoni.

"Saa tatu tu," alisema. "Kama darasani."

"Darasani wanacheza."

"Na wewe cheza."

Siku ya kwanza mtoto alilia. Siku ya pili alikasirika, akajimwagia chai kifuani, akapiga teke rundo la vitambaa. Siku ya tatu alinyamaza, na Fundi akaona kunyamaza ndiko kuzoea. Alikuwa na sare za shule za kumaliza, cherehani ikawa inakwenda bila kupumua. Saa ikapita. Alipoinua macho, Bi Mkubwa hakuwepo.

Alimkuta chooni. Amesimama katikati ya sakafu, nguo ya ndani imekwama magotini upande mmoja, miguu imelowa, maji yametengeneza dimbwi hadi mlangoni. Ule mkono wa kushoto ulikuwa bado unakwaruza kiunoni, unakwaruza tu, ngumi haifunguki. Halii. Mtu aliyezoea kuamuru wateja wageuke nyuma, sasa alikuwa anatazama miguu yake.

"Nilikuita," alisema. "Cherehani ilikuwa inapiga kelele."

Fundi alipiga magoti kwenye yale maji, akashika fundo la mgongoni. Lilikuwa limekaza. Vidole vyake, vilivyofungua mafundo maelfu, havikuliweza. Akaliuma kwa meno mpaka likaachia. Akamwogesha mtoto, akamvisha nguo kavu, akamlaza. Kisha akarudi sebuleni, akakaa mbele ya cherehani bila kuigusa. Mumewe alipoingia jioni aliukuta ule mfuko kwenye jaa la takataka, umekatwa vipande vidogo vidogo.

"Nini hiki?"

"Hakuna kitu."

Mumewe alichutama, akakiokota kipande kimoja chenye mkanda, akakitazama. Alielewa, au alielewa nusu. "Mama Bi Mkubwa," alisema taratibu, "utamuua huyu mtoto kwa kumpenda."

"Wewe ulishamkatia tamaa zamani! Wewe unapaka kuta za watu, ukirudi unaoga unalala. Nani mwingine atamhangaikia?"

Mumewe alikwenda nje kuosha brashi zake, na maji ya bomba yalisikika yakitiririka muda mrefu kuliko brashi zilivyohitaji.

Kilichomrudisha Fundi hospitali hakikuwa matumaini. Lilikuwa swali, na swali lenyewe lilimjia akiwa na mteja. Mama mmoja alileta vipimo vya gauni la harusi alivyopimwa na fundi mwingine. Fundi alipompima upya, kiuno kilitofautiana inchi nne. Hakukata kitambaa. Alimwambia mteja asimame wima, ashushe pumzi, avue mkanda, akampima mara ya tatu. Mteja alipoondoka, Fundi alibaki na futi yake ya kupimia shingoni, amesimama. Mimi kwa gauni tu siwezi kukata hivi, aliwaza.

Alimkuta Sista Rula ofisini, akila chapati iliyopoa huku akipanga mafaili.

"Sikuja kugombana," Fundi alisema. "Nimekuja kuuliza. Mimi ni fundi cherehani. Watu wawili wakipima kiuno kimoja, mmoja akasema thelathini na nne na mwingine ishirini na mbili, kuna mmoja amevuta futi. Au wote wawili. Kitambaa hakikatwi mpaka ijulikane. Nyinyi mmekata."

Sista Rula aliacha kutafuna. Akafuta mikono, akainuka kufunga mlango.

"Kaa," alisema. Aliporudi kwenye kiti chake hakuwa na ule uso wa siku ile. "Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Hiyo tofauti imeninyima raha. Si ya mtoto wako peke yake. Kuna wengine wanne, mmoja amepishana alama tisa. Nilijiambia watoto hubadilika."

"Hubadilika?"

"Hubadilika. Wakiwa na homa, wakiwa na hofu, misuli yao inakaza zaidi. Lakini si kumi na mbili." Alisukuma mafaili pembeni. "Vipimo vyote tumevirekodi kwa video. Nitawaweka watu watatu, kila mmoja peke yake, wavitazame na kutoa alama bila kuulizana. Ikiwa hatukubaliani, basi tatizo si watoto."

Hawakukubaliana. Kwa Bi Mkubwa yule yule, kwenye video ile ile ya kwanza, Dada Puto alitoa thelathini na tatu, Sista Rula ishirini na tano, na mzee mmoja mstaafu aliyewahi kuwafundisha wote wawili akatoa ishirini na tisa. Sista Rula akabandua orodha ya walioteuliwa ukutani. Watoto wote kumi na wanane walioomba nafasi wangepimwa upya, na darasa likasogezwa mbele wiki tatu.

Habari ilienea kwenye benchi la nje kabla karatasi haijakunjwa. Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa wa tisa kwenye orodha, alimfuata Fundi mpaka getini.

"Ni wewe, si ndiyo? Wako kakosa, ukaona bora tukose wote?"

"Dada, mimi nilitaka tu..."

"Mwanangu alikuwa ameshapata! Ameshapata! Unajua nilivyolala siku ile?"

Fundi alijua. Alisimama pale na yule mama akamlilia usoni, watu wakipita, mpaka mlinzi akaja kuwatenganisha ingawa hakuna aliyekuwa amemgusa mwenzake.

Kabla ya kupimwa upya Sista Rula alimwita Fundi aje atazame video. Dada Puto alikuwepo pia, ameketi mwisho wa chumba, macho mekundu.

Wakaanza na ya pili. "Hii ni yangu," alisema Sista Rula. "Tazama meza. Mtoto yuko kama mtu anayechungulia dirishani. Tazama saa ukutani. Na hapa, anasema hataki. Nimeandika sifuri. Hapa tena, sifuri. Sifuri ya kukataa na sifuri ya kushindwa nimeziweka kapu moja. Hilo ni kosa langu, mama, na naomba radhi."

Fundi alihisi kitu kikimfunguka kifuani. Basi alikuwa sahihi! Alitaka kusema, si nilisema? Lakini Sista Rula alikuwa ameshaweka video ya kwanza.

Jua lile. Kicheko kile. Dada Puto akiisogeza chupa, kidogo, kidogo, mpaka ikaingia yenyewe kwenye kiganja. Dada Puto mwenyewe aliinamisha kichwa.

"Na sasa tazama huku," Sista Rula alisema, akaonyesha pembeni mwa picha kwa kalamu.

Kulikuwa na mkono. Mkono wa mtu mzima, umevaa pete ya kushonea kwenye kidole cha kati. Kila Bi Mkubwa alipoanza kuinua, ule mkono ulipita chini ya meza, ukakiinua kiwiko. Ulifanya hivyo kwenye kazi ya pili. Kwenye ya tano. Kwenye ya saba ulikamata kifundo na kukigeuza kiganja juu, kwa wepesi wa mtu anayegeuza pindo la nguo, na kibao kikakaa. Na mwenye mkono, kwenye video, alikuwa akicheka na kumtazama Dada Puto usoni, wala hatazami anachokifanya.

"Sikufanya hivyo," Fundi alisema.

Video ikaendelea. Mkono ukaingia tena.

"Sikujua," alisema. "Sista, naapa, sikujua."

"Najua hukujua."

Fundi alikumbuka kitambaa. Ananishikia kitambaa nikikata. Aliona sasa jinsi inavyokuwa: yeye mwenyewe anaufungua mkono, anaulaza juu ya kitambaa, anaubonyeza kidogo, kisha anashika mkasi na kusema asante, mwanangu. Kila siku. Miaka mingapi? Alikuwa ameuazima mkono wake kwa mtoto na kuusahau huko. Alijifunika uso kwa ushungi wake na akalia kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, na Dada Puto, aliyekuwa mwisho wa chumba, akaja akakaa chini sakafuni karibu na miguu yake na kulia naye.

Kipimo cha mwisho kilifanywa asubuhi mbili tofauti, saa tatu, mtoto akiwa ameshakula. Meza ilikuwa ya kupandisha na kushusha, wakaishusha mpaka viwiko vya Bi Mkubwa vikakaa juu yake. Chini ya miguu wakaweka sanduku. Maneno ya kila kazi yalikuwa yameandikwa, yanasomwa vilevile kwa kila mtoto. Vitu viliwekwa juu ya alama zilizochorwa mezani kwa chaki. Akisema hataki, wanasubiri, wanampa mara ya pili baadaye. Sista Rula alikaa kushoto na yule mzee mstaafu kulia, kila mmoja na karatasi yake, na katikati walisimamisha kipande cha boksi wasichunguliane.

Fundi aliruhusiwa kukaa nyuma. Alikalia mikono yake.

Kazi ya kwanza, chupa. Bi Mkubwa aliutupa mkono mbele kutoka begani, ngumi ikaigonga chupa, ikayumba, ikasimama. Akajaribu tena. Vidole viwili vya mwisho vilifunguka kwa upana wa punje, akaibana chupa kifuani. Fundi alijikuta ameinama mbele, mikono imemchomoka chini ya mapaja. Akairudisha. Ilimuuma kukaa pale kuliko uchungu wa uzazi. Kazi ya saba, kiganja hakikugeuka. Kibao kikaanguka. Bi Mkubwa akageuka nyuma kumtafuta mama yake, akamwona alivyokaa, akarudi mbele.

"Kingine," alisema kwa ile sauti yake ya amri. "Nileteeni kingine."

Asubuhi ya kwanza Sista Rula aliandika ishirini na saba, mzee ishirini na sita. Asubuhi ya pili wote wawili waliandika ishirini na saba.

Sista Rula aliwaita ofisini, mama na mtoto. Hakuzunguka.

"Ni ishirini na saba. Safari hii sina shaka nayo."

"Zimebaki tatu," Fundi alisema. "Tatu tu, Sista. Kwani kuna tofauti gani kati ya ishirini na saba na thelathini? Umri wenyewe amebakiza miezi mitatu. Hii ndiyo nafasi yake. Hakuna nyingine. Unajua hakuna nyingine!"

"Najua."

"Ongeza tatu. Nani atajua? Nakuomba. Nitapiga magoti."

"Usipige magoti mbele ya mtoto." Sista Rula aliikunja karatasi ya alama. "Mama, nikiongeza, nitamfungia mkono mzuri wiki nane na kumwachia ule usiofunguka. Unajua atakavyokuwa? Atakaa pale saa tatu kila siku, hawezi kula, hawezi kuvua nguo yake."

Fundi alifumba macho. Alijua atakavyokuwa. Hapakuwa na mtu duniani aliyejua zaidi yake.

"Nimepata ngapi?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Ishirini na saba," alisema mama yake.

"Ile ya Dada Puto ilikuwa thelathini na nne."

"Ndiyo. Zile saba zilikuwa za mama."

Mtoto alilifikiria jambo hilo, akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa chenji sahihi.

Sista Rula alifungua ile karatasi ya alama na kuanza kuonyesha. Bega, alama zote. Kiwiko, karibu zote. Kifundo, kidogo. Vidole na gumba, karibu hakuna. Kwa hiyo miaka yote ya kufungua vidole, mkono ulikuwa na nguvu mahali pengine: ungeweza kukandamiza, kusukuma, kubeba mfuko kwenye kiwiko. Angetengenezewa kifaa cha plastiki cha kulitoa gumba nje. Baada ya miezi sita wangempima tena, kwa meza ileile na maneno yaleyale.

"Ikiongezeka hata mbili," alisema, "tutajua zimeongezeka kweli."

"Na darasa?"

"Darasa la watoto wakubwa hatuna. Sitakudanganya kwamba litakuwepo."

Fundi alimshukuru, kwa kuwa ndivyo watu hufanya, akatoka. Kwenye benchi la nje alikuwepo yule mama wa getini. Mwanawe alipopimwa upya alipata thelathini na sita. Akamwona Fundi, akaanza kutabasamu, akalisoma jibu usoni, tabasamu likamfia. Akasogea benchini kumpa nafasi. Fundi hakukaa. Alijua akikaa hatainuka.

Mumewe alikuwa amekwisha kurudi walipofika nyumbani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, nguo za kazi bado mwilini, rangi nyeupe imemkaukia kwenye nyusi. Bi Mkubwa akampita akaingia ndani kutafuta chakula.

"Ishirini na saba," Fundi alisema. "Hawamchukui." Akangoja aambiwe si nilisema, na alikuwa ameshaandaa maneno ya kumjibu.

Mumewe aliitazama mikono yake. "Nilishaongea na mwenzangu," alisema. "Anishikie kazi mchana kwa wiki nane, niwe nampeleka mimi. Ili wewe ushone." Akakwangua rangi iliyokauka kwenye ukucha. "Tuliongea tangu ile siku ya thelathini na nne. Sikukwambia. Niliogopa kukwambia."

Fundi alimtazama kama mtu aliyemkuta mgeni amekaa mlangoni kwake. Wiki zote hizi alidhani anatumaini peke yake, na mwenzake alikuwa akitumaini chumba cha pili, kimyakimya, kila mmoja na boksi lake katikati wasichunguliane. Akakaa kwenye ngazi. Mumewe alikuwa anatikisika mabega. Hakuwahi kumwona analia, hata siku ya msiba wa baba yake, na hakujua mwanamume huyu hushikwa wapi anapolia. Akamshika kwenye mkono wa shati, palipokuwa na rangi mbichi.

Walikaa hivyo mpaka jua likaondoka ukutani. Ndani, kitu kikaanguka kwa kishindo na kubingirika sakafuni, sufuria pengine, na Bi Mkubwa akasema, "Ah!" Wote wawili wakainuka kwa pamoja. Hakuna aliyekwenda. Walisimama mlangoni wakisikiliza, mtoto akiburuta kile kitu, akipumua kwa nguvu, akikiburuta tena. Kisha kimya. Kisha akaburuta tena.

Asubuhi yake Fundi aliacha sare za shule bila kumaliza, akampeleka kupimwa kile kifaa cha gumba. Walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Fundi wa vifaa alichora mkono wa Bi Mkubwa kwenye karatasi kwa penseli, akizunguka kidole kwa kidole, na alipofika kwenye gumba lililojificha alimwomba mama amsaidie kulitoa nje ili alichore. Fundi akamwuliza mwanawe kwanza.

"Haya," alisema Bi Mkubwa, "lakini taratibu. Jana mkono huu umeburuta sufuria, umechoka."